Kipande cha Manamba Kwenye Sayari ya Mirihi

Hotuba hii niliitoa Tanga, jioni ya kuzindua mkusanyiko wangu wa kwanza wa hadithi fupi za kisayansi. Nimeiandika kama nilivyoisema, nimepunguza marudio tu.

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, hamjambo? Walimu, wanafunzi mliokuja na sare zenu, wavuvi wa Sahare na Kigombe, mama zangu mlioacha shughuli za jioni mkaja kukaa kwenye viti hivi vya plastiki, ahsanteni sana.

Tangu kitabu kitoke, swali moja linanifuata kila ninapokwenda: hadithi za kisayansi na Tanga, wapi na wapi? Anayeuliza hana ubaya. Ameona roketi zikiondoka Florida na Kazakhstan. Ameona Wamarekani, Warusi na Wachina ndani ya mavazi yale mazito meupe. Hajapata kumsoma mtu wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, akifuta vumbi jekundu la sayari nyingine kwenye viatu vyake. Basi nitajibu kwa kuwaeleza hadithi moja kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuziandika nyingine zote.

Wazee, kipande mnakijua. Kwa faida ya vijana: kipande kilikuwa kadi ya kibarua wa shamba la mkonge, yenye nafasi 30. Ukienda kazini ukamaliza kazi uliyopimiwa, siku yako inawekwa alama. Usipomaliza, siku hiyo haihesabiwi. Nafasi zote 30 zikijaa ndipo unalipwa mshahara wa mwezi, hata kama mwezi wa kalenda ulikwisha zamani. Watu waliletwa kwa mkataba kwenye mashamba haya, wakaitwa manamba, kutoka Kigoma, Songea, Mbeya, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, na manamba wakazidi kumiminika. Wajukuu na vitukuu vya manamba wale mko humu ukumbini, nawaona.

Sasa ichukueni kadi hiyo hiyo muipeleke Mirihi.

Siku ya Mirihi, kutoka macheo mpaka macheo, ni saa 24, dakika 39 na sekunde kama 35. Ni siku inayofanana sana na yetu, na ndiyo maana inadanganya. Kibarua katika hadithi yangu, binti wa Muheza, amesaini mkataba unaosema atafanya kazi siku 30 kwa kila kipande, na atakuwa chini ya amri ya mwajiri usiku na mchana. Siku za wapi? Mkataba hausemi. Mwajiri anahesabu macheo ya Mirihi, kwa sababu mitambo yake ya umeme inategemea jua la huko. Zidisha dakika 39 na ushei kwa 30: unapata karibu saa 20. Kila kadi inapojaa, huyu binti amempa mwajiri karibu saa 20 ambazo hazikuandikwa popote. Kadi 12 zikijaa, ni saa 237 hivi. Hizo ni karibu siku kumi nzima za Dunia.

Hadithi yenyewe ni hesabu hiyo, na usiku ambao binti anaifanya. Pembeni yake ana kipande halisi cha babu yake, alichopewa na mama yake siku ya kuondoka, karatasi imechakaa, alama zimefifia. Hakuna bunduki. Hakuna kiumbe mwenye macho matatu. Kuna mwanamke na penseli, na kuna nyapara anayegonga mlango kuuliza kwa nini taa bado inawaka.

Nilipoimaliza hadithi hiyo nilikuwa nimepata kanuni yangu, ambayo wakongwe wa fani hii waliijua zamani: badilisha kitu kimoja, vingine vyote viache kama vilivyo. Mimi nilibadilisha mahali. Sikuugusa mkataba, sikuigusa njaa, sikumgusa nyapara. Msomaji akikubali kile kimoja kilichobadilika, kazi yangu yote iliyobaki ni kuwa mkweli juu ya vile ambavyo havikubadilika.

Hapo ndipo Tanga inapoingia. Mhandisi wa roketi ataweza kunipa urefu wa siku ya Mirihi mpaka sekunde ya mwisho. Hawezi kunipa nyapara. Nyapara nimempata kwa wazee wa hapa: namna anavyosimama, namna anavyokuita jina la baba yako anapotaka kukudhalilisha, namna anavyojua nani ana mgonjwa nyumbani na hawezi kugoma. Vitu hivyo havimo katika maktaba ya shirika lolote la anga duniani. Vimo Korogwe, Muheza na Ngomeni, katika vichwa vya watu wenye miaka themanini na zaidi. Tukikaa kusubiri wengine watuandikie kesho yetu, wataiandika bila watu hawa, na itakuwa kesho isiyo na kumbukumbu.

Hadithi ya pili ninayotaka kuigusa inahusu salamu, na naipenda kuliko zote kitabuni.

Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Kasi hiyo kwetu sisi ni kama hakuna kusubiri. Kwa Mirihi sivyo. Sayari mbili hizi zikikaribiana, ujumbe huchukua dakika kama tatu kufika. Zikiwa mbali kabisa, dakika 22. Hivyo mtoto akisema "shikamoo" kutoka huko wakati wa umbali mkubwa, "marahaba" itamfikia baada ya dakika 44. Na nyinyi mnajua salamu za pwani haziishii kwenye marahaba. Habari za huko, za siku nyingi, za afya, za watoto, za kazi, za jirani. Kubadilishana salamu mara sita tu, kwa adabu ya kawaida, kutachukua zaidi ya saa nne, na bado hamjaanza mazungumzo.

Nilikaa na tatizo hilo muda mrefu. Mwandishi asiyeijua pwani angefuta salamu, wahusika wake waende moja kwa moja kwenye habari. Mimi nisingeweza kumwandika mama wa Kitanga anayezungumza na mwanawe bila kumjulia hali. Nikakumbuka barua. Kabla ya simu, watu wa mwambao huu waliandikiana barua zilizopanda majahazi. Jahazi lilisubiri kaskazi au kusi, na jibu lilisubiri msimu mwingine. Barua zile zilikuwa na utaratibu wake: wa baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mwandishi wa barua alisalimu, akajijibia, akaeleza hali yake kabla hajaulizwa, akauliza hali ya kila mtu kwa jina, yote kwa mkupuo mmoja. Huo ni mfumo wa mawasiliano uliotengenezwa na watu waliojua kwamba jibu halitakuja leo. Wazee wetu walishalitatua tatizo la Mirihi kwa kalamu na karatasi.

Basi katika hadithi, wataalamu vijana wanaomuunganisha mama na mwanawe wanahangaika na mitambo, na mama anawaambia wamletee karatasi. Anaandika, kisha anausomea mtambo barua yake. Kijana huko Mirihi anaisikiliza yote, analia, anajibu yote. Wakaendelea hivyo.

Kisha ikaja kimya. Hili nalo ni la kweli katika sayansi: kila baada ya miezi kama 26, Jua hukaa kati yetu na Mirihi, na kwa wiki mbili hivi wanaoviongoza vyombo vilivyoko huko huacha kuvitumia amri, kwa sababu Jua huvuruga mawimbi. Katika wiki hizo mbili, mama anafariki. Tanga hatuweki maiti kusubiri. Anazikwa siku ile ile kabla ya alasiri. Mwanawe anaendelea kumwandikia. Barua zinajipanga kwenye kumbukumbu ya mtambo, moja, mbili, tatu, zote zinaanza kwa hofu na mashaka. Sitawaambia inavyokwisha, kitabu kipo pale mezani.

Mzee mmoja aliyeisoma mapema aliniuliza jambo ambalo nilikuwa nimelipita haraka: huyo kijana anaswali akielekea wapi? Ni swali zuri, na lina jibu lililokwisha kuandikwa. Mwaka 2007 Muszaphar Shukor wa Malaysia alikwenda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, na safari yake iliangukia Ramadhani. Wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo: aelekee Kaaba kadiri awezavyo; asipoweza, aelekee anga lililo juu ya Kaaba; asipoweza, aielekee Dunia; asipoweza, popote. Nimeiongeza aya moja. Kijana anatafuta Dunia dirishani, nukta yenye rangi ya samawati hafifu, anatandika mswala. Nashukuru kwa swali lile. Wasomaji wa namna hiyo ndio ninaowaandikia, watu wanaoingia ndani ya hadithi wakakagua kuta.

Ninyi wavuvi mlikuja kwa ajili ya silikanti, samaki yule wa kale wa kilindini, nimeambiwa. Nitakuwa mfupi. Mnajua habari zake kuliko mimi: mwanzoni mwa miaka ya 2000 jarife la papa lilianza kumleta juu, makumi kwa makumi, na mwaka 2009 serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa jina lake, hapa kusini ya mji. Kabla ya mwaka 1938, alipopatikana mmoja Afrika Kusini, wanasayansi walimjua kwa visukuku tu na waliamini alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 65 hivi iliyopita. Lakini kilichonishika mimi si ukale wake. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walisoma alama za miaka kwenye magamba yake wakakadiria kwamba huishi karibu miaka 100, kwamba jike hawezi kuzaa mpaka apite miaka 50, na kwamba mimba yake huchukua miaka kama mitano.

Miaka mitano! Ni urefu wa Mpango wa Maendeleo wa serikali. Ni urefu wa ubunge. Nikabadilisha kitu kimoja: niliweka sheria kwamba mradi wowote wa kuchimba sakafu ya bahari hapa usubiri mimba moja ya silikanti ianze na iishe, kwa kupimwa na kifaa kilichofungwa kwa jike mmoja. Kisha nikamweka ofisa kijana wa kumfuatilia. Anaanza kazi akiwa hajaoa. Samaki yuko chini gizani, hana haraka. Ofisa anaoa, anapata watoto wawili, anakataa uhamisho, anatishwa, anabembelezwa kwa bahasha. Kila mtu juu ya maji ana tarehe ya mwisho isipokuwa yule mama aliye mapangoni. Nilifurahi sana kuiandika hadithi hiyo.

Sasa kuhusu kitabu chenyewe kama kitabu. Wengine wamenishauri kwamba kwa kazi ya kwanza ningeandika riwaya, kwa kuwa riwaya huheshimiwa zaidi. Sikubaliani nao. Fani hii ilikua katika hadithi fupi. Marekani, jarida la Amazing Stories lilipoanzishwa na Hugo Gernsback mwaka 1926, ndilo lililowapa waandishi mahali pa kujaribu wazo moja kwa wakati mmoja, na majarida yaliyofuata yakafanya vivyo hivyo kwa miongo kadhaa. Hadithi ya kisayansi ina swali moja moyoni mwake, na swali moja likivutwa mpaka kurasa 400 mara nyingi hupoteza makali. Ted Chiang, Mmarekani ninayemheshimu mno, alichapisha hadithi yake ya kwanza mwaka 1990. Mkusanyiko wake wa kwanza ulitoka mwaka 2002. Ulikuwa na hadithi nane. Miaka kumi na miwili, hadithi nane! Na mojawapo ilikuja kutengenezwa sinema iliyotazamwa dunia nzima. Nawaambia hili vijana mnaotaka kuandika kitabu kila likizo ya Desemba. Hakuna aibu katika kwenda polepole.

Jirani zetu nao wamekwisha kupita njia hii. Dilman Dila wa Uganda alitoa mkusanyiko wake mwaka 2014. Wole Talabi wa Nigeria, ambaye ni mhandisi, alitoa wake mwaka 2019. Wote kwa Kiingereza, na nimejifunza kwao. Kwa Kiswahili tuna riwaya za ajabu za Euphrase Kezilahabi na za Kyallo Wadi Wamitila, ambazo zimekwenda mbali sana na maisha ya kawaida. Pengo liko kwenye hadithi fupi ambayo msomaji anaweza kuikagua kwa kalamu, akazidisha, akagawanya, akaona kama mwandishi amesema kweli.

Na siwezi kusimama Tanga nisimtaje Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, jirani kabisa na hapa, mwaka 1909. Katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, alituwekea nchi nzima angani. Hakutueleza inaelea kwa nini, na hakuhitaji, kwa sababu alikuwa anazungumza juu ya haki. Mshitakiwa wake, Karama, anasimama mbele ya baraza na kujitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Hadithi pale zimekuwa ushahidi mahakamani, na kila mjumbe amerudi na kitu ambacho nchi yake ingeweza kukitumia kesho yake asubuhi. Ninapotofautiana naye ni hapa: mimi msomaji wangu ana haki ya kuuliza inaelea kwa nini, na mimi nina wajibu wa kumjibu. Nikishindwa kumjibu nimeandika kitu kingine, pengine kizuri, ila si hadithi ya kisayansi.

Kwa hiyo, walimu wa fizikia na biolojia mlioko hapa, naomba jambo. Mwanafunzi akikuletea hadithi, usimwambie apeleke kwa mwalimu wa Kiswahili. Isome. Msahihishie kasi ya mwanga. Mwambie mkonge hufungua vitundu vya majani yake usiku ili usipoteze maji mchana, umwulize mmea wa namna hiyo ungefanya nini mahali ambapo usiku ni baridi nyuzi 70 chini ya sifuri. Mwambie mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika 62 tu ikiwa hai, na kutokana na hiyo 62 likatoka zao lililoujenga mkoa huu na kuumiza watu wake. Mwulize: tukipeleka miche 1,000 kwenye sayari nyingine, ikabaki 62, nani atakayelima, na kwa mkataba gani? Mwache aende nyumbani na swali hilo. Na walimu wa Kiswahili, ninyi mkiona hesabu ndani ya insha msiikate kwa wino mwekundu.

Tunahitaji pia jarida. Hata la kurasa chache, hata la kusomwa kwenye simu, mradi litoke kwa Kiswahili na litoke kwa wakati. Nimeanza kuzungumza na wenzangu wawili watatu juu ya hilo, na mwenye nia anione.

Kuna hadithi moja haimo kitabuni kwa sababu haijaiva. Inahusu bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa Tanga, miaka mia moja baadaye, mafuta yakiwa yamekwisha na bomba likiwa bado limelala ardhini. Linapita nini ndani yake sasa? Nani analilinda? Nimejaribu majibu kadhaa na hakuna lililonitosheleza, maana bado sijakaa vya kutosha na watu ambao mashamba yao limepita. Nitakwenda.

Lakini kabla ya hapo nina haja na wazee. Mwenye kipande nyumbani, cha baba au cha babu, hata kilicholiwa na mchwa nusu, naomba anione leo. Sikichukui. Nataka kukipiga picha na kuandika jina la aliyekimiliki, shamba lake, alikotoka, na kama nafasi zake 30 zilijaa. Wajukuu, andikeni namba zangu za simu pale mlangoni mkaulize nyumbani usiku huu huu. Nimekaa meza ya kushoto, karibu na dirisha, na nitakuwepo mpaka mlinzi aje kufunga.